Anayesema Maneno Yako Si Lazima Awe Upande Wako



Fungua status za WhatsApp za vijana kumi wa msikitini kwenu leo. Sitashangaa ukikuta wawili watatu wameweka klipu ya Mmarekani fulani, kavaa suti, kashika kipaza sauti, anamnyamazisha mwanafunzi wa chuo kikuu kwa hoja za familia, jinsia na Mungu. Chini yake mtu ameandika: "Huyu si Muislamu lakini anasema haki kuliko mashekhe wetu." Mwingine kajibu: "Allahu Akbar, amemaliza!"

Naelewa kwa nini klipu hizo zinatugusa. Kijana Muislamu wa Kenya ana simu mkononi inayomwambia kila siku kwamba dini yake imepitwa na wakati. Halafu anatokea mtu, tena Mzungu, tena kutoka Marekani kwenyewe, anasema ndoa ni ya mume na mke, mtoto ana haki ya kulelewa na baba na mama, na serikali isimpokonye mzazi malezi ya mwanawe. Moyo unatulia. Unajihisi hauko peke yako.

Lakini mtu kusema neno unaloliamini ni jambo moja, na mtu kuwa upande wako ni jambo jingine kabisa. Vijana wetu wengi wanaanza na klipu ya familia, wiki ya pili wanameza maoni ya mtu huyohuyo kuhusu wakimbizi, wiki ya tatu kuhusu Palestina, na mwisho wanamtetea kuliko wanavyowatetea ndugu zao. Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwa mifano inayojulikana.

Nianze na yale ambayo wahafidhina wa Marekani wamesimamia haki. Qur'ani, katika Suratul Maidah aya ya 8, imetufunga kwenye uadilifu hata kwa watu tusiopendana nao. Kwa hivyo haki yao tuwape.

Kuna kaunti inaitwa Montgomery, jimbo la Maryland, karibu na Washington. Mwaka 2022 shule za umma za huko ziliingiza madarasani vitabu vya hadithi vyenye wahusika wa mapenzi ya jinsia moja na wanaobadilisha jinsia, hadi kwa watoto wadogo. Mwanzoni mzazi aliarifiwa, na aliyetaka mtoto wake atoke nje wakati wa somo aliruhusiwa. Machi 2023 wakuu wa shule wakaifuta ruhusa hiyo. Wazazi Waislamu, Wakatoliki na wa Orthodoksi ya Kiukraine wakaenda mahakamani pamoja. Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Mahmoud dhidi ya Taylor, ikawapa ushindi kwa majaji 6 dhidi ya 3: waarifiwe mapema, na watoto wao waruhusiwe kutoka wakati kesi inaendelea. Aliyeandika uamuzi ni Jaji Samuel Alito, mhafidhina. Majaji sita waliowaunga mkono wazazi wote waliteuliwa na marais wa Republican. Watatu waliopinga ni wa upande wa pili.

Si hiyo tu. Mwaka 2015 mahakama hiyohiyo ilisikiza kesi ya msichana Muislamu wa Tulsa, Oklahoma, aliyenyimwa kazi katika duka la nguo kwa sababu ya hijabu. Alishinda kwa majaji 8 dhidi ya 1, na aliyeandika uamuzi ni Antonin Scalia, jaji ambaye wahafidhina wa Marekani humtaja kama mwalimu wao. Mwaka huohuo mfungwa Muislamu wa Arkansas aliyekatazwa kufuga ndevu za nusu inchi alishinda kwa majaji wote 9. Alito tena ndiye aliyeandika.

Kwa hivyo ukiniambia kuna wahafidhina waliotetea haki ya Muislamu kushika dini yake, nitakwambia naam, wapo, na uamuzi wao umeandikwa. Mwenye kukanusha hilo anadhulumu.

Sasa tulia hapo. Turudi kwenye tarehe ileile, 27 Juni 2025. Siku hiyohiyo, majaji walewale sita waliowapa ushindi wazazi wa Maryland walitoa uamuzi mwingine. Rais Trump, siku ya kwanza ya muhula wake wa pili, alitia saini amri ya kuwanyima uraia watoto wanaozaliwa Marekani ikiwa wazazi wao hawana vibali, au wako huko kwa viza ya muda. Marekebisho ya 14 ya Katiba yao, ya mwaka 1868, yanampa uraia anayezaliwa pale. Majaji wa chini walikuwa wameisimamisha amri hiyo nchi nzima. Mahakama ya Juu haikuamua kama amri yenyewe ni halali, lakini ilipunguza nguvu ya majaji hao kuizuia nchi nzima, na kesi zikaendelea.

Fikiria wewe ni mwanafunzi kutoka Lamu au Garissa, uko Maryland na mkeo kwa viza ya masomo. Asubuhi ile mahakama inakupa haki ya kumtoa mtoto wako darasani. Asubuhi ileile mahakama ileile inafungua mlango ambao mtoto atakayezaliwa kesho huenda akakosa uraia wa nchi aliyozaliwa. Utamshangilia nani, na utamlaani nani? Ndiyo maana mtu mwenye akili hachagui kambi akalala. Anatazama jambo kwa jambo.

Wapo Waislamu waliojaribu kuchagua kambi, na tuna la kujifunza kwao. Hamtramck ni mji mdogo uliozungukwa na Detroit, Michigan. Uchaguzi wa 2021 uliwapa baraza la mji ambalo madiwani wote ni Waislamu, na meya Muislamu mzaliwa wa Yemen, Amer Ghalib. Juni 2023 baraza lilipitisha kwa kauli moja kwamba kwenye majengo ya mji zisipepee bendera za makundi, ikiwemo bendera ya watu wa mapenzi ya jinsia moja. Waliberali waliokuwa wakisherehekea baraza la Waislamu wakanuna. Mwaka uliotangulia, mji wa jirani wa Dearborn, wazazi wengi wakiwa Waarabu Waislamu, walijaa kwenye mikutano ya bodi ya shule kulalamikia vitabu vya maktaba, na wahafidhina Wakristo walikuwa nao bega kwa bega.

Halafu ikaja Gaza. Serikali ya Biden ilikuwa inatuma silaha kwa Israel huku mabomu yanaangukia watoto. Hasira ya watu wa Michigan ilikuwa ya haki kabisa. Septemba 2024 Ghalib akamuunga mkono Trump hadharani. Novemba, mjini Dearborn, Trump akapata kura nyingi kuliko Kamala Harris.

Walipata nini? Tarehe 4 Februari 2025, mwezi haujatimia tangu aapishwe kwa vizuri, Trump alisimama na Netanyahu Ikulu ya White House akasema Marekani itaichukua Gaza na watu wake wahamishiwe nchi nyingine. Ndio, Oktoba ya mwaka huo alisukuma makubaliano ya kusitisha vita, na hilo tulihesabu kwenye mizani. Lakini mpigakura wa Dearborn aliyedhani amepata rafiki alisikia kwa masikio yake jamaa zake wakizungumziwa kama mizigo ya kuhamishwa.

Na Ghalib? Machi 2025 aliteuliwa kuwa balozi wa Kuwait. Oktoba alipofika mbele ya kamati ya Seneti, maseneta wa vyama vyote viwili walimbana kwa mambo aliyowahi kuandika mtandaoni kuhusu Israel na Wayahudi. Sitetei kila alichoandika. Ninachotaka uone ni kwamba Seneta Ted Cruz, Republican wa Texas, alimwambia usoni hatamuunga mkono. Ile bendera ya Hamtramck haikumsaidia kitu siku hiyo. Alikuwa mwenzao kwenye jambo moja, na walipofika kwenye jambo la pili wakamwona mgeni.

Tuje kwenye hoja yao kubwa ya pili, uhuru wa kusema. Hii vijana wanaipenda sana: kwamba waliberali wanawafunga watu midomo, na wahafidhina ndio watetezi wa maneno huru. Tarehe 14 Februari 2025 Makamu wa Rais JD Vance alikwenda Munich, Ujerumani, akawasuta viongozi wa Ulaya kwa kuwaogopa raia wao na kuwaadhibu kwa maoni yao. Hotuba ilishangiliwa mno mitandaoni, na vijana wetu wakaisambaza.

Wiki sita hazijaisha, tarehe 25 Machi, msichana wa Kituruki, Muislamu, mwanafunzi wa shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Tufts, alizingirwa barabarani na maafisa wasiokuwa na sare, wengine wamefunika nyuso, akiwa njiani kwenda kufuturu. Ilikuwa Ramadhani. Alisafirishwa hadi Louisiana akazuiliwa wiki zaidi ya sita mpaka jaji alipoamuru aachiliwe. Kosa? Mwaka mmoja kabla, yeye na wenzake waliandika makala kwenye gazeti la wanafunzi kukosoa msimamo wa chuo chao kuhusu Gaza. Makala, ndugu yangu. Hakumpiga mtu, hakuvunja kioo.

Wapo wahafidhina wachache walioikemea dhulma hiyo, na Mungu awalipe kwa hilo. Lakini wengi wa wale waliopiga makofi Munich walinyamaza, au walisema anastahili. Uhuru wa kusema ulikuwa wao, haukuwa wake.

Hili linakuhusu wewe uliye Kisauni, Eastleigh au Mandera, kama una ndoto ya kusoma kule. Tangu Juni 2025 anayeomba viza ya mwanafunzi anatakiwa kuziweka kurasa zake za mitandao wazi ili maafisa wazipekue. Septemba ya mwaka huo Charlie Kirk, mhafidhina maarufu wa midahalo ya vyuoni, aliuawa kwa risasi mbele ya wanafunzi huko Utah. Kumuua mtu kwa maneno yake ni dhulma, na Muislamu hashangilii damu ya namna hiyo. Lakini mwezi uliofuata serikali ya Marekani ilitangaza kuwafutia viza wageni sita kwa walichoandika mtandaoni kuhusu kifo chake. Mtu aliyejenga jina lake kwa kudai kila mtu aseme atakalo, baada ya kifo chake wageni wakaadhibiwa kwa kusema. Ni juu yako kuamua kama huo ni uhuru.

Jambo la tatu linatugusa sisi tunaofanya kazi za haki za Waislamu, na kwa kweli ndilo lililonifanya niandike. Marekani kuna shirika linaitwa CAIR, lilianzishwa mwaka 1994, kazi yake ni kutetea haki za Waislamu mahakamani, kazini na shuleni. Tarehe 18 Novemba 2025 Gavana Greg Abbott wa Texas alilitangaza kuwa kundi la kigaidi la kigeni, na chini ya sheria za jimbo lake likazuiwa hata kununua ardhi. Desemba Gavana Ron DeSantis wa Florida akafuata. Kumbuka CAIR ni shirika la Marekani, na serikali kuu ya nchi hiyo haikuwa imeliweka kwenye orodha yake ya magaidi. CAIR wakaenda mahakamani. Kabla ya hapo, Abbott huyohuyo alikuwa amewaelekezea Waislamu wa msikiti mmoja wa Plano uchunguzi juu ya uchunguzi, kwa sababu walipanga kujenga mtaa wenye nyumba, msikiti na shule. Wizara ya Haki ya Marekani iliufunga uchunguzi wake Juni 2025 bila kumshtaki mtu.

Mambo haya tunayajua hapa nyumbani. Aprili 2015, baada ya msiba wa Chuo Kikuu cha Garissa ambapo watu 148 waliuawa, serikali ya Kenya ilitoa orodha ya wanaoshukiwa kuhusiana na ugaidi. Ndani yake mlikuwa na MUHURI na Haki Africa, mashirika ya haki za binadamu ya Mombasa. Akaunti zao za benki zikafungwa. Ofisi ikikosa pesa ya kodi na ya mawakili, anayeumia ni mama aliyekuja kumtafuta mwanawe aliyepotezwa. Mahakama Kuu ya Mombasa ilisema hakuna uhusiano na ugaidi, na Novemba mwaka huo ikaamuru akaunti zifunguliwe. Kwa hivyo ukiona gavana wa Texas anachukua kalamu na kuliita shirika la mawakili Waislamu magaidi, wewe wa Pwani huhitaji kufafanuliwa. Na ukiona kijana wa Mombasa anamshabikia gavana huyo kwa sababu eti anapinga ajenda za jinsia mashuleni, muulize: siku hizo za 2015 ulikuwa wapi?

La nne ni damu yetu hasa. Desemba 2015, kabla hajawa rais, Trump alitaka Waislamu wote wazuiwe kuingia Marekani. Januari 2017 akatia saini marufuku kwa nchi saba, zote za Waislamu wengi, Somalia ikiwemo. Mahakama ya Juu ikaibariki sura ya tatu ya marufuku hiyo mwaka 2018, majaji 5 kwa 4. Biden akaifuta 2021. Juni 2025 ikarudi kwa sura mpya, nchi 12 zikafungiwa kabisa, Somalia tena imo, na Sudan, Yemen na Libya. Burundi, jirani zetu, wakawekwa kwenye kundi la vikwazo vya kiasi.

Tena siku alipoapishwa, 20 Januari 2025, alisimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi. Kuna familia Dadaab na Kakuma zilizongoja miaka na miaka, zikahojiwa, zikapimwa, nyingine zimeshauza godoro zikisubiri ndege. Mlango ukafungwa. Mei mwaka huohuo ndege iliwafikisha Washington Waafrikaner 59, Wazungu wa Afrika Kusini, wakapokewa na maafisa wa serikali kama wakimbizi. Kisha idadi ya wakimbizi kwa mwaka ikashushwa kutoka 125,000 hadi 7,500, na serikali yenyewe ikasema sehemu kubwa ni ya Waafrikaner. Hakuna haja ya kuchambua sana.

Desemba 2025, akiwa na mawaziri wake mbele ya kamera, Trump alimwita Ilhan Omar takataka, na akawazungumzia Wasomali kwa neno hilohilo, akisema hawataki nchini mwake. Ilhan alikuwa mkimbizi hapa Kenya kwa miaka minne kabla ya kuwa mbunge wa Minnesota. Kisingizio kilikuwa kesi za wizi wa pesa za umma huko Minnesota, ambazo baadhi ya washtakiwa ni Wasomali. Aliyeiba afungwe, na wengine wameshahukumiwa. Hilo halina mjadala kwetu. Lakini jirani yangu akiiba kuku, mtaa mzima hauitwi jalala.

Najua utakachoniuliza: "Kwa hivyo unatuambia tuwafuate waliberali?"

La hasha. Obama alizidisha ndege za kivita zisizo na rubani zikaua watu Yemen na Somalia. Biden alitoa mabomu yaliyobomoa Gaza. Wapo waliberali wanaompenda Muislamu akiwa mnyonge anayehitaji kutetewa, na wanamchukia akisema msimamo wa dini yake kuhusu ndoa. Hamtramck iliona hilo.

Mtazame pia Zohran Mamdani. Mzaliwa wa Kampala mwaka 1991, Muislamu, Novemba 2025 alichaguliwa meya wa New York. Alipoibuka, Andy Ogles, mbunge wa Republican kutoka Tennessee, aliandika barua kutaka achunguzwe avuliwe uraia na afukuzwe. Vijana wetu walifurahia ushindi wake, na mimi sikulaumu furaha hiyo. Lakini Mamdani ni mliberali wa wazi katika masuala ya mapenzi ya jinsia moja, na hajalificha. Alishinda kwa kuzungumzia kodi ya nyumba, nauli ya basi na bei ya chakula. Unaweza kusema alidhulumiwa alipotishiwa uraia wake, na palepale ukasema hukubaliani naye kwenye jambo la familia. Maneno yote mawili yanakaa kwenye mdomo mmoja bila kugombana. Huo ndio ukomavu ninaoutafuta.

Na hata ndani ya wahafidhina wenyewe hawako kitu kimoja. Julai 2025 Marjorie Taylor Greene alikuwa mbunge wa kwanza wa Republican kuyaita yanayotendeka Gaza mauaji ya kimbari. Klipu yake ilizunguka kila kundi la WhatsApp. Vizuri, neno la kweli lipokewe. Lakini mwanamke huyohuyo mwaka 2019, kabla hajawa mbunge, alikwenda kwenye ofisi za Ilhan Omar na Rashida Tlaib akidai waape upya kwa Biblia. Wengi wa upande wake wamechoka na vita kwa sababu hawataki pesa ya Marekani itoke nje. Pesa hiyohiyo ndiyo iliyonunua dawa za kliniki zetu na unga wa Kakuma, na mwaka 2025 ilikatwa. Wanaweza kufika kwenye jibu lako kwa njia ambayo mwisho wake unakukanyaga wewe.

Kabla hujasambaza klipu, basi, jiulize mambo machache. Huyu mtu kanuni anayoisema anaitumia pia kwa Muislamu, ama ni ya watu wake tu? Akisema haki za wazazi, je, mzazi wa Kipalestina ana haki? Akisema uhuru wa dini, msikiti unajengwa? Pili, klipu imekatwa wapi, na dakika ishirini zilizobaki alisema nini juu yako? Wengi wa hawa wanaishi kwa watazamaji, na hasira yako ni mshahara wao. Tatu, kuna mwanachuoni wetu aliyelieleza jambo hili kwa dalili? Kama familia kwa Uislamu inahitaji kutetewa na mtu asiyejua hata jina la mtume wako vizuri, basi tatizo ni kwamba darsa za msikiti wetu huziendi.

Nasema hivi kwa sababu mashirika ya kihafidhina ya Kimarekani hayako simuni tu. Mei 2025 Nairobi palikuwa na kongamano la Afrika kuhusu maadili ya familia, na mashirika kutoka Marekani na Ulaya yalikuwemo. Sipingi kukaa nao. Mtume wetu, sala na amani zimshukie, alifanya mikataba na wasiokuwa Waislamu. Lakini unapokaa mezani, nenda na yako. Januari 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitengua uamuzi wa 2016 uliowaruhusu wasichana Waislamu kuvaa hijabu katika shule ya Isiolo inayodhaminiwa na kanisa. Majaji wengi walisimama kwenye utaratibu, jinsi ombi lilivyoingizwa, na suala lenyewe likabaki bila kukatwa. Basi anayetuita kwenye haki za wazazi, tumuulize kwa adabu: haki ya mzazi wa Isiolo, ambaye binti yake anavuliwa mtandio getini, imo kwenye ajenda yako? Akisema imo, tushikane mikono. Akigugumia, tumeshajua.

Na kazi zetu zipo nyingi bila kwenda Texas. Bodi za shule zinahitaji wazazi Waislamu watakaokaa kwenye mikutano na kuuliza maswali. Februari 2025 Rais Ruto alitia saini huko Wajir kuondoa ule upekuzi wa ziada wa vitambulisho uliowatesa vijana wa kaskazini na mipakani kwa miaka. Je, kwenye ofisi ya msajili wa eneo lako umeisha kweli, ama bado unaambiwa lete cheti cha babu? Nenda, uliza, andika tarehe na jina la ofisi, tuletee. Kijana anayejua kesi ya Maryland kwa kichwa na hajui mwenyekiti wa bodi ya shule ya mtaani kwake, amepoteza njia kidogo.

Kubali haki popote itokapo, hata kwa adui. Kataa dhulma popote itokapo, hata kwa anayekusifu. Na usimkabidhi mtu dini yako nzima kwa sababu alikupa sentensi moja tamu.

Allah atupe macho ya kuona haki kuwa haki na nguvu ya kuifuata, na batili kuwa batili na nguvu ya kuiepuka. Amin.

Kama umesoma mpaka hapa, mtumie kaka, dada au rafiki anayependa klipu hizo. Usimtukane, mtumie tu, kisha mkae mzungumze. Na kwenye maoni hapa chini tuambie: ni jambo gani la haki mtaani kwenu tulishughulikie mwezi huu?

Wabillahi tawfiq.